Kabla hujabadili jina: mambo ya kuzingatia unapoolewa au mnapoachana

Kadi za harusi zikishachapwa na majina ya bwana na bibi harusi, wengi huona suala la jina limekwisha. Ndiyo kwanza linaanza. Kinachowatesa wanawake wengi ni kubadili nusunusu: benki lipo jina la baba, kwenye kitambulisho lipo la mume, kwenye karatasi za kiwanja lipo la tatu ambalo hata mwenyewe hakumbuki aliliandikisha lini. Ama badilisha kote, ama usibadilishe popote. Na uamue kabla hujatia saini karatasi ya kwanza.

Uamuzi huo ni wako. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mumewe. Mama mkwe anaweza kutamani, wifi anaweza kuuliza mbele za watu mbona bado unatumia jina la kwenu, nao wajibiwe kwa heshima zote. Lakini hiyo ni desturi, si sharti la sheria. Tena si desturi ya kila mahali. Pwani na Visiwani mwanamke huolewa akabaki binti wa baba yake, na masheikh wengi husimamia hapo aya ya 5 ya Sura Al-Ahzab, inayoagiza watu waitwe kwa baba zao. Rais Samia Suluhu Hassan ni mke wa Bwana Hafidh Ameir, na jina lake limebaki la kwao. Bara, hasa kwenye familia za Kikristo, kuchukua jina la ukoo wa mume kumezoeleka zaidi. Kwa hiyo zungumza na mchumba wako mapema, wakati wa kupanga mambo mengine ya nyumba. Mazungumzo haya hayafai kuanzia kwenye foleni ya usajili.

Ukishaamua kulichukua jina la mume, swali linalofuata huwashtukiza wengi: litakaa wapi? Sisi tumezoea majina matatu. Tuseme unaitwa Neema Joseph Mushi na unaolewa kwa akina Kimaro. Unaweza kuwa Neema Joseph Kimaro. Unaweza kuwa Neema Mushi Kimaro. Kuna anayejiandika Neema Kimaro tu, na kuna anayeyabeba yote manne hadi akutane na fomu yenye visanduku vitatu. Kwa mama yako hao wote ni mtoto wake mmoja. Kwa kompyuta ya benki ni watu wanne. Chagua umbo moja, liandike herufi kwa herufi, na usikubali karani akufupishie. Ushauri wangu ni kuliacha jina la baba katikati na kubadili la mwisho peke yake, maana hapo majina mawili kati ya matatu yanaendelea kufanana na vyeti vyako vya zamani, na maswali yanapungua.

Vyeti vyenyewe ndipo pa kutulia kidogo. Cheti cha kidato cha nne au cha sita kutoka NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hubaki na jina ulilofanyia mtihani. Kama wewe ni muuguzi, mwalimu au wakili, jina lililo kwenye leseni au orodha ya taaluma ndilo wateja na waajiri wanalolijua. Siku ya usaili, anayekagua anataka kuona daraja kati ya jina la kwenye cheti na jina la kwenye kitambulisho. Daraja hilo ni cheti cha ndoa, hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, au kiapo cha majina kinachotamka kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Usisubiri siku ya usaili kukitafuta. Kama umeshatengeneza jina kazini, umeandika vitabu au una duka linalojulikana kwa jina lako, fikiri mara mbili kabla ya kuliacha. Kulitumia jina la kwenu kazini na la mume mtaani kunawezekana, mradi karatasi rasmi zote zisome jina moja.

Kisha kuna mpangilio wa kazi yenyewe. Anza na cheti cha ndoa: kisome papo hapo kabla hamjaondoka, kosa la herufi moja hapo litakufuata miaka. Kutoka hapo nenda NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kwa sababu ofisi nyingi nyingine huangalia taarifa za huko. Namba yako ya tarakimu 20 inabaki ileile, kinachorekebishwa ni jina. Ndipo zifuate pasipoti, benki, TIN (namba ya mlipakodi), mfuko wa hifadhi ya jamii kama NSSF au PSSSF, bima ya afya, na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama una biashara iliyosajiliwa. Kama mna safari ya fungate nje ya nchi, tiketi ikatwe kwa jina lililo kwenye pasipoti uliyo nayo mkononi, hata kama kanisani mmeshatangazwa kwa jina jipya, na kubadili pasipoti kusubiri mtakaporudi.

Laini ya simu husahaulika sana. Mama lishe anayelipwa kwa simu anajitambulisha kwa mteja kama Mama Kimaro, mteja anabonyeza namba, kwenye kioo linatokea jina la Neema Joseph Mushi. Mkono unasita. Anaulizwa, "Mama, hii namba ni ya kwako kweli?" Ni jambo dogo, lakini kwa anayeishi kwa malipo ya simu, kusita huko ni hela.

Mali uliyoipata kabla ya ndoa iangalie peke yake. Sheria ileile ya 1971 inamruhusu mke kumiliki mali kwa jina lake. Kiwanja ulichonunua ukiwa binti, kwa karatasi ya mauziano yenye jina la kwenu, kifanyie kiapo cha majina sasa, wakati muuzaji na mashahidi wa mtaa bado wapo na wanakufahamu.

Kuhusu namna ya kuitwa, sitasema mengi. "Bi." kwenye barua inatosha kwa aliyeolewa, asiyeolewa na aliyeachika, huhitaji kueleza historia yako kwenye anwani. Kama umesomea udaktari, "Dkt." ni yako, haifuati ndoa. Na "Mama Fulani" wa mtaani atabaki Mama Fulani hata ndoa ikivunjika.

Ndoa ikivunjika, swali la jina linarudi likiwa na uchungu. Wangari Maathai wa Kenya alipoachana na mumewe, Mwangi Mathai, mwaka 1979, mume alimtaka aliache jina lake. Yeye aliongeza herufi moja, "a", na kwa jina hilo akapokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Winnie Madikizela-Mandela wa Afrika Kusini naye alilibakiza jina la Nelson Mandela baada ya talaka yao ya 1996. Kulibakiza si kumng'ang'ania mwanamume. Pengine ndilo jina la watoto wako na la kazi yako ya miaka ishirini. Kulirudisha la kwenu nako ni haki yako, wala usiharakishwe na shangazi wala mawakili.

Ila usianze kubadili chochote kabla ya karatasi za mahakama. Tanzania Bara, shauri la talaka kwa kawaida hupita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na ndoa huvunjwa rasmi kwa amri ya mahakama. Omba nakala kadhaa zilizothibitishwa za hukumu na amri hiyo, pamoja na hati yako ya zamani ya kubadili jina kama uliwahi kuifanya. Kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto, jina lako la wakati ule litabaki. Mkisafiri, beba nakala. Na siku hiyohiyo unayokwenda kurekebisha jina benki na kwenye mfuko wa hifadhi, uliza ni nani ameandikwa mrithi au mtegemezi wako. Mara nyingi ni yule aliyekuwa mume, na fomu hiyo haijibadilishi yenyewe.