Somo: Bigint huku, int32 kule. Kurekebisha aina za data zisizolingana kwenye kiendelezi cha PostgreSQL

Habari za leo wadau. Somo hili nimeliahidi muda mrefu, na limetokana na jambo lililoniuma. Tuliwaandikia wenzetu wa ushirika mmoja wa kuweka na kukopa kiendelezi kidogo (msimbo wa kuongeza kazi mpya) cha PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, cha kupiga hesabu za riba. Chanzo chake kilikuwa wazi kwa yeyote kukisoma, na tulikisoma watu watatu bila kuona kitu. Aliyeona ni mhasibu wao, na kikokotoo chake cha mezani. Mkopo wa shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 12 ulitoa riba ya shilingi 846,039.24. Ilipaswa kuwa milioni 6 kamili.

Programu haikuanguka na hakuna ujumbe wa kosa uliotokea. Ilitoka namba yenye sura nzuri kabisa, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Nitafuata njia ileile tuliyopita sisi. Nimefupisha msimbo ili ukae kwenye ukurasa mmoja, lakini dosari ni ileile. Natumia Ubuntu 24.04 yenye PostgreSQL 16, na paketi zinazohitajika ni `build-essential` na `postgresql-server-dev-16`.

Hatua ya 1: Irudie dosari kwa mkono wako

Usiguse msimbo kabla hujaiona dosari kwenye kompyuta yako. Fedha zetu tunazihifadhi kwa senti, kama namba kamili, kwa hiyo milioni 50 ni senti 5,000,000,000. Riba tunaiandika kwa pointi, ambapo 1200 ni asilimia 12. Funksheni yetu `riba_senti` hupokea salio kwa senti na pointi, kisha hurudisha riba kwa senti.

```
SELECT riba_senti(100000, 1200);       -- 12000, sawa
SELECT riba_senti(2500000000, 1200); -- -215396075
SELECT riba_senti(5000000000, 1200); -- 84603924
```

Mstari wa pili unajishtaki wenyewe, maana mkopo hauwezi kuzaa riba hasi. Wa tatu ndio wa kuogopwa. Ukimwonyesha mtu asiyejua mkopo ulikuwa kiasi gani, atasaini.

Hatua ya 2: Soma namba kabla ya kusoma msimbo

Namba kamili ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Kwa senti, hiyo ni shilingi 21,474,836.47. Ndiyo maana mikopo midogo yote ilikuwa sahihi, na ndiyo maana majaribio yetu, yaliyotumia laki moja na milioni moja, hayakugundua lolote.

Sasa toa 4,294,967,296, yaani 2 kwa kipeo cha 32, kutoka 5,000,000,000. Inabaki 705,032,704. Asilimia 12 ya hiyo ni 84,603,924 na kidogo. Ndiyo namba yetu! Fanya vivyo hivyo kwa 2,500,000,000 utapata -1,794,967,296, na asilimia 12 yake ndiyo ile riba hasi. Kwa hiyo kabla hata ya kufungua faili tumeshajua kwamba mahali fulani namba ya biti 64 imepitishwa kwenye tundu la biti 32, na biti za juu zimekatwa. Ni kama risiti iliyochapwa kwenye karatasi nyembamba ikakatika upande wa kushoto: 1,250,000 inasomeka 250,000, na hakuna anayeweza kujua kwa kuitazama tu.

Hesabu hii ya kutoa ifanye kila unapoona namba ya ajabu. Imeniokolea siku nyingi kuliko chombo chochote cha kutafuta dosari.

Hatua ya 3: Tafuta mahali ambapo ahadi mbili zinakutana

Funksheni ya lugha ya C ndani ya Postgres ina maelezo sehemu mbili. Ya kwanza ni faili la SQL:

```
CREATE FUNCTION riba_senti(bigint, integer) RETURNS bigint
AS 'MODULE_PATHNAME', 'riba_senti'
LANGUAGE C IMMUTABLE STRICT;
```

Ya pili ni faili la C:

```
PG_FUNCTION_INFO_V1(riba_senti);
Datum
riba_senti(PG_FUNCTION_ARGS)
{
    int32  salio  = PG_GETARG_INT32(0);
    int32  pointi = PG_GETARG_INT32(1);

    PG_RETURN_INT64((int64) salio * pointi / 10000);
}
```

SQL inasema kigezo cha kwanza ni `bigint`, yaani namba kamili ya biti 64. C inakisoma kwa `PG_GETARG_INT32`, yaani kama biti 32. Ukiangalia historia ya faili hili utaona kilichotokea: zamani vyote vilikuwa `integer`, kisha mmoja wetu akapanua upande wa SQL, akapanua na jibu, akakisahau kigezo cha kuingilia. Ile `(int64)` kabla ya `salio` inampumbaza msomaji, anadhani suala la ukubwa limeshashughulikiwa. Limeshughulikiwa baada ya namba kukatwa.

Mbona kompaila, inayogeuza msimbo wa C kuwa programu, haikulalamika? Kwa sababu Postgres hubeba kila thamani ndani ya `Datum`, ambayo kwa mashine ya biti 64 ni baiti 8 zisizojua zimebeba nini. `PG_GETARG_INT32` ni amri ya wazi ya kukata, na kompaila haiwezi kubishana na amri ya wazi. Hata `-Wconversion` haitasema kitu hapo. Na Postgres yenyewe huliamini tamko lako la SQL, haifungui faili la C kulihakiki. Ukiandika `SELECT 50000000 * 100;` itakujibu `integer out of range` papo hapo, kwa kuwa hapo msimbo wake wenyewe umelindwa. Ndani ya funksheni yako ya C, mlinzi ni wewe.

Kama kiendelezi kina funksheni nyingi, orodhesha zote uzilinganishe moja moja:

```
SELECT proname, pg_get_function_arguments(oid),
       prorettype::regtype, prosrc
FROM pg_proc WHERE probin LIKE '%senti%';
```

Safu ya `prosrc` inakupa jina la funksheni upande wa C. Jozi za kukumbuka: `smallint` na INT16, `integer` na INT32, `bigint` na INT64, `real` na FLOAT4, `double precision` na FLOAT8.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Kwenye SQL ya Postgres, `int8` ni jina jingine la `bigint`, na ile 8 ni idadi ya baiti. Kwenye C ya Postgres hiyohiyo, `int8` ni namba ya biti 8, ya kuanzia -128 hadi 127. Ukiandika `int8 salio = PG_GETARG_INT64(0);` itajengwa bila neno, kisha salio la mamilioni litageuka 64 au -96. Hapa angalau `make PG_CFLAGS=-Wconversion` itakuonya, ingawa itakuletea pia maonyo mengi ya mafaili ya Postgres yenyewe; chuja yale ya faili lako tu.

Hatua ya 4: Andika jaribio linaloshindwa

Kwenye `sql/senti.sql` ongeza mistari mitatu: mmoja uliovuka 2,147,483,647, mmoja uliovuka 4,294,967,296, na mmoja wa kikomo chenyewe cha `bigint`:

```
SELECT riba_senti(2500000000, 1200);
SELECT riba_senti(5000000000, 1200);
SELECT riba_senti(9223372036854775807, 1200);
```

Majibu yanayotakiwa yaandike kwenye `expected/senti.out`. Ya mistari miwili ya kwanza yapige kwa kikokotoo; la mstari wa tatu ni kosa `bigint out of range`, kama utakavyoona hatua ya 5. Usinakili kilichotoka kwenye programu, maana utakuwa umeuhalalisha uongo. Kisha endesha majaribio kwa `make installcheck`. Lazima ishindwe, na `regression.diffs` ikuonyeshe tofauti. Jaribio lililofaulu kabla ya marekebisho halijapima kitu.

Hatua ya 5: Rekebisha

```
#include "postgres.h"
#include "fmgr.h"
#include "common/int.h"

PG_MODULE_MAGIC;

PG_FUNCTION_INFO_V1(riba_senti);
Datum
riba_senti(PG_FUNCTION_ARGS)
{
    int64  salio  = PG_GETARG_INT64(0);
    int32  pointi = PG_GETARG_INT32(1);
    int64  zao;

    if (pg_mul_s64_overflow(salio, (int64) pointi, &zao))
        ereport(ERROR,
                (errcode(ERRCODE_NUMERIC_VALUE_OUT_OF_RANGE),
                 errmsg("bigint out of range")));

    PG_RETURN_INT64(zao / 10000);
}
```

Kurekebisha mstari wa kwanza pekee kungetosha kumridhisha mhasibu. Lakini kuzidisha namba mbili kunaweza kufurika hata kwenye biti 64, na kwenye C kufurika kwa namba yenye alama (inayoweza kuwa hasi) hakuna jibu lililoahidiwa. `pg_mul_s64_overflow` hurudisha kweli ikiwa zao halikuenea. Afadhali mteja aone kosa kuliko apewe riba ya kubuni.

Kama una mistari ya kuchapa kama `elog(DEBUG1, "salio %d", salio)`, sasa kompaila itakuonya. Usibadilishe `%d` kuwa `%ld` ukadhani umemaliza: kwenye Linux ya biti 64 `long` ina baiti 8, kwenye Windows ya biti 64 ina baiti 4. Andika `%lld` na `(long long) salio`.

Hatua ya 6: Safisha kilichokwisha kuandikwa

Watu wengi huishia kwenye hatua ya tano. Funksheni hii ni `IMMUTABLE`, maana yake Postgres imeruhusiwa kuhifadhi majibu yake. Kama umejenga indeksi juu ya `riba_senti(...)`, ndani yake yamo majibu ya zamani, na utafutaji utakosa mistari iliyopo. Ijenge upya kwa `REINDEX`. Jedwali lolote lililopokea riba hizo kwa `INSERT` linahitaji kukokotolewa upya, kuanzia mikopo iliyozidi shilingi 21,474,836.47. Sisi tulitoa orodha ya mikopo hiyo, tukakaa na mhasibu yule, tukaipitia mmoja mmoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mwanza: Shikamoo mwalimu. Nimefuata hadi hatua ya 5, nikafanya `make install`, lakini bado napata 84603924. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hujakosea. Muunganisho uliokuwa wazi tangu awali umeshapakia maktaba ya zamani na utaendelea nayo hadi ufungwe. Toka `psql`, ingia tena. Kama programu yako inatumia bwawa la miunganisho, lianzishe upya. Na kama kiendelezi kimetajwa kwenye `shared_preload_libraries`, itabidi uanzishe upya seva yenyewe.

Kutoka Mombasa: Kaka, kwa nini msitumie `numeric`, aina ya namba za desimali kamili, tu mkaepuka haya yote?

Jibu: Ni njia halali dada yangu, na kwa hesabu zenye sehemu ndogo kuliko senti ningekushauri uitumie. Ila ni nzito zaidi, na kuishughulikia kwa C kuna kazi. Senti ndani ya `bigint` zinatosha hadi shilingi trilioni 92,233, na kujumlisha ni sahihi kabisa. Nisichokikubali kwa fedha ni `real` na `double precision`.

Kutoka Goma: Sisi tunatumia SQLite ndani ya simu. Je, tuko salama?

Jibu: Hapana, mtego ni uleule kwa jina jingine. SQLite huhifadhi namba hadi biti 64, lakini ukiisoma kwa `sqlite3_column_int` unapewa biti 32 za chini. Tumia `sqlite3_column_int64`. Tena SQLite huruhusu maandishi kuingia kwenye safu uliyoitangaza `INTEGER`, isipokuwa umetengeneza jedwali kwa neno `STRICT`, lililokuja na toleo 3.37 mwaka 2021. Namba za simu nazo, zinazoanza na 243 au 255, hazienei kwenye biti 32. Zihifadhi kama maandishi, hakuna atakayezijumlisha.

Kutoka Nairobi: Tatizo langu liko kwenye jedwali lenyewe. `id` ni `serial` (namba inayojiongeza yenyewe) na inakaribia bilioni mbili. Je, `ALTER TABLE` inatosha?

Jibu: Haitoshi. `ALTER COLUMN id TYPE bigint` itaandika upya jedwali zima huku imelifunga, hata kusoma hakuruhusiwi, kwa hiyo panga saa ambayo watu wamelala. Kisha kumbuka mfuatano wake: tangu toleo la 10, mfuatano wa `serial` nao ni `integer` na utagoma palepale kwenye 2,147,483,647. Ongeza `ALTER SEQUENCE ... AS bigint`. Halafu kagua majedwali yote yanayoirejea `id` hiyo, yapanue nayo.

Kutoka Dodoma: Nikikuta dosari ya namna hii ndani ya Postgres yenyewe, naipeleka wapi? Na mimi ni mwanafunzi tu.

Jibu: Hawaangalii uliko wala cheo chako, wanaangalia kiraka. Hawapokei maombi kupitia GitHub. Tengeneza kiraka kwa `git format-patch`, kitume kwa barua pepe kwenye orodha ya pgsql-hackers, kisha kisajili kwenye CommitFest, orodha yao ya mtandaoni ya viraka vinavyosubiri kukaguliwa, ili kisisahaulike. Weka jaribio linaloshindwa ndani yake, na ueleze kwa ufupi jinsi ya kuirudia dosari. Utaulizwa maswali. Yajibu kwa utulivu, urekebishe, utume tena.

Kutoka Mwanza tena: Mwalimu, imekubali, 600000000. Lakini ripoti yangu inasoma safu ya `GENERATED ALWAYS AS ... STORED`, inayokokotolewa kutoka safu nyingine, na bado ina namba za zamani.

Jibu: Safu hiyo hukokotolewa pale tu safu ya chanzo chake, hapa `salio`, inapoguswa. Chukua nakala ya akiba kwanza, kisha `UPDATE mikopo SET salio = salio WHERE salio > 2147483647;` na kama kuna salio hasi chini ya -2147483648, nayo iguse. Ukimaliza, chagua mikopo mitano mikubwa uipige kwa kikokotoo kabla hujamwambia mtu ripoti iko tayari.