Gari dogo la gesi: piga hesabu ya kilomita kwanza, ndipo umwone fundi

Habari zenu wadau wa Kanda ya Ziwa. Tangu nirudi Mwanza kutoka Dar es Salaam, wengi mnaniuliza kama IST, Vitz au Passo inafaa kufungwa mfumo wa gesi asilia. Inafaa sana, na mimi nimekula matunda yake. Ila faida iko kwenye kilomita unazotembea na mahali unapojazia. Fuateni hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua utajazia wapi. Hapa ndipo watu wanapoumia. Gesi inachimbwa kule kusini, Mnazi Bay na Songo Songo, na bomba kuu la kutoka Mtwara, lililokamilika 2015, linaishia Dar, huku kwetu halifiki. Mtungi wa lita 60 unabeba takriban kilo 10, ambazo kwa IST ni kama kilomita 180. Ukijaza Dar, gesi inakuishia karibu na Morogoro, na Mwanza bado iko mbali. Kama safari zako ni za hapa Mwanza tu, Buzuruga, Nyegezi na Igoma, usifunge mpaka uwe na kituo unachokifikia bila kupoteza siku. Kama gari linafanya kazi Dar na wewe bosi uko huku, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Piga hesabu. Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya lita moja na nusu ya petroli. Chukua gari linalokula lita moja kwa kilomita 12, likitembea kilomita 100 kwa siku. Petroli ikiwa 2,900, unatumia kama 24,000. Kwa gesi ni kilo 5.6, bei ikiwa 1,550 kwa kilo, haifiki 9,000. Dereva wa teksi anabaki na zaidi ya 15,000 kila siku. Ukifunga kwa 1,800,000, hela imerudi ndani ya miezi minne ya kazi. Anayekwenda kanisani Jumapili tu atasubiri miaka.

Hatua ya 3: Kagua injini kwanza. Plagi, koili, kichujio cha hewa. Injini inayomisi kwenye petroli itamisi zaidi kwenye gesi.

Hatua ya 4: Soma mtungi. Shingoni pamegongwa tarehe ya kutengenezwa na ya kupimwa. Mtungi wangu wa kwanza niliuchukua bila kusoma, kwa kuwa ulikuwa wa bei poa. Siku ya kujaza, kituo kilikataa, na walikuwa sahihi: muda wa kupimwa ulishapita, na gesi hii inajazwa kwa presha ya bar 200.

Hatua ya 5: Siku ya kukabidhiwa. Paka povu la sabuni kila kiungio, likichemka, gesi inavuja, rudisha gari kwa fundi. Kisha gusa reguleta, kile kifaa kinachoshusha presha ya gesi kabla haijaingia kwenye injini, injini ikiwa imepata moto. Gesi inapotanuka inapoa sana, ndiyo maana maji ya moto ya injini hupitishwa pale. Ukikuta reguleta imeota barafu, maji hayazunguki.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kirumba: Shikamoo fundi. Naweza kutumia mtungi wa gesi ya jikoni?

Marahaba. Hapana mwanangu, usijaribu kabisa! Ule wa jikoni ni wa presha ndogo mno, na gesi yake ni nzito, ikivuja inatuama chini. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, inapanda na kutawanyika. Ni vitu viwili tofauti.

Mdau wa Mabatini: Kaka, gari litapanda mlima wa Bugando na abiria wanne?

Litapanda, ila nguvu inapungua kidogo, kama sehemu moja ya kumi. Shusha gia mapema, au bonyeza swichi urudi kwenye petroli. Injini yenyewe huwaka kwa petroli, ikipata moto ndipo inahamia kwenye gesi, kwa hiyo tangi lisikauke kamwe.

Mdau wa Igoma: Nimenunua IST Dar, imekuja na mtungi. Niung'oe?

Mtungi wa chuma wa lita 60 una uzito wa kama kilo 60, sawa na kubeba abiria asiyelipa nauli. Kama gari halitarudi Dar, mwite fundi wa gesi autoe na azibe njia zote za mfumo. Usiufungue mwenyewe, hata geji ikisoma sifuri.