Kulivua gitaa la bei chee mpaka libaki na pikapu moja

Gitaa langu la kazi lina pikapu moja (kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa mtikisiko wake na kuupeleka kwenye amplifaya), nobu moja, na sahani ya alumini niliyoikatisha kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar. Lilipotoka dukani Kariakoo lilikuwa na pikapu tatu, nobu tatu, swichi ya hatua tano ya kuchagua pikapu, na ule mkono wa kutikisia nyuzi ambao ukiugusa mara moja unatyuni upya gitaa zima. Ni nakala ya Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender. Jina lililokuwa kichwani nimeshalifuta kwa msasa. Nililipa laki moja na themanini baada ya kuvutana na muuzaji mpaka akaniletea chai.

Napiga gitaa la kati, ambalo wenzetu wa Kongo wanaliita mi-solo. Linakaa katikati ya solo na ridhimu, na kazi yake ni kurudia kijipande kilekile dakika kumi bila kuchoka wakati wengine wanatamba. Kazi hiyo inataka sauti moja tu, kavu na kali, inayopita kati ya tumba na besi bila kugombana na mtu. Kwa miaka miwili ile swichi sikuigusa ila kwa bahati mbaya: sebene limekolea, kiganja kinaigonga, sauti inazama kama mtu aliyetumbukia kisimani. Mara ya tatu kunitokea, nikaenda nyumbani nikachukua bisibisi.

Kama bado hujanunua, kagua shingo kuliko kitu kingine chochote. Lishike gitaa utazame kutoka kichwani kuelekea darajani, pale nyuzi zinapoegemea mwilini, jicho moja limefumbwa, kama seremala anavyotazama ubao. Shingo ikiwa imejikunja kama kamba iliyosokotwa, lirudishe. Hiyo haina dawa ya bei rahisi. Ikiwa imeinama kidogo tu kwenda mbele, chuma kilichomo ndani yake kitaivuta irudi. Kisha bonyeza kila uzi kwenye kila freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), moja baada ya nyingine, muuzaji anune atakavyo. Mwili ukiwa wa plaiwudi usijali. Pitisha pia kidole pembeni mwa shingo. Rafiki yangu alilipeleka gitaa lake Dodoma, mbao zikakauka na kusinyaa, ncha za freti zikatokeza nje zikamchana mkono. Tupa laini na subira ya jioni moja vinamaliza tatizo hilo.

Vifaa ni vya fundi redio yeyote: bisibisi ya nyota, koleo ndogo ya kukatia, chuma cha kulehemu cha wati 40, waya wa lehemu, mita ya kupimia umeme, msasa, na seti moja ya nyuzi pamoja na uzi wa kwanza mmoja wa ziada. Huo wa ziada una kazi yake, nitaufikia.

Legeza nyuzi zote uzitoe. Fungua skrubu za plastiki ya mbele. Langu lilikuwa na 11, nyingine zimeshaanza kutu kwa jasho. Inua plastiki taratibu maana nyaya zinazokwenda kwenye tundu la jeki na kwenye springi ni fupi. Piga picha kwa simu kabla hujakata chochote. Piga na ya pili, kwa sababu ya kwanza itakuwa na kivuli cha kichwa chako.

Sasa umeshaona utumbo. Igeuze pikapu (siyo ile ya kubebea matikiti) uitazame kwa chini. Kwenye magitaa ya bei chee utakuta vile vijiti sita si sumaku bali ni vyuma tu, na sumaku yenyewe ni kipande cheusi cha seramiki kilichogandishwa chini yake. Watu huiona hiyo wakakimbilia kuagiza pikapu mpya. Ngoja kwanza. Seramiki inatoa sauti kali yenye makali ya juu, na kwa mpigaji wa mi-solo hicho ndicho kinachotafutwa. Solo ya taratibu ingetaka kitu laini zaidi.

Tunaibakiza pikapu ya darajani, ile iliyolazwa mshazari. Fuata nyaya zake mpaka kwenye swichi. Ukipotea, chomeka gitaa kwenye amplifaya sauti ikiwa chini, kisha igonge kila pikapu kidogo kwa ncha ya bisibisi huku ukibadilisha swichi. Inayojibu “to” kwa nguvu ndiyo iliyowashwa. Ukishazikata nyaya zake mbili, zipime kwa mita. Yangu ilisoma kiloomu 6.1. Pikapu za koili moja za aina hii nyingi huangukia kati ya 5 na 7. Mita isiposoma kitu kabisa, koili imekatika ndani, basi tumia mojawapo ya zile mbili ulizokuwa unataka kuzitoa.

Kuunganisha ni kazi ndogo kuliko inavyotisha. Poti ya sauti, yaani kile kifaa kinachozungushwa na nobu, ina miguu mitatu. Mmoja wa pembeni umekunjwa ukalehemiwa kwenye mgongo wa poti yenyewe, huo ni wa ardhi, uache hapohapo. Wa katikati unakwenda kwenye jeki, uache pia. Mguu uliobaki ndio uliokuwa ukipokea waya kutoka kwenye swichi. Kata huo waya wa swichi, na mahali pake ulehemu waya wa moto wa pikapu, ambao mara nyingi ni mweupe au mwekundu. Ule mwingine, mara nyingi mweusi, ulehemu kwenye mgongo wa poti. Swichi, poti mbili za toni na kapasita yake vyote vinatoka. Pikapu ya darajani kwenye Stratocaster ya asili haikuwa na nobu ya toni hata hivyo, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Mgongo wa poti unakula joto. Ukwangue kwanza kwa msasa mpaka ung'ae, ushikishe chuma cha kulehemu mpaka lehemu itiririke kama maji, kisha utoe chuma na usitikise waya. Lehemu ikiganda ikiwa na rangi ya majivu na imejikusanya kama tone la nta, haijashika. Rudia.

Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Katika kushabikia kukata nyaya nilikata na ule mwembamba unaotoka mgongoni mwa poti kwenda nyuma ya gitaa, kwenye kile chuma kinachoshika springi. Nilidhani ni wa swichi. Gitaa likalia vizuri chumbani, nikalipeleka harusini Mbagala, na chini ya zile taa za rangi likaunguruma kama mashine ya kusaga tangu bibi harusi anaingia mpaka keki inakatwa. Waya huo ndio unaozipeleka nyuzi kwenye ardhi ya umeme. Ukiwepo, mkono wako ukigusa nyuzi ngurumo inapungua. Usiukate. Ila ujue pia maana yake: nyuzi zako zimeungana na bodi ya amplifaya. Kwenye baa yenye jenereta na plagi ya nyaya mbili, usipeleke midomo kwenye maikrofoni kabla hujapima kwanza kwa mita, ikiwa kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi na nyingine kwenye maikrofoni. Ikisoma umeme, mwite mwenye umeme, na usipige mpaka arekebishe.

Plastiki ya zamani sasa ina matundu manne yasiyo na kazi na mfereji wa swichi. Nililaza plastiki hiyo juu ya bati la alumini la milimita 1.5, nikachora kwa msumari, nikabakiza tundu la pikapu moja na la poti moja, nikampelekea fundi wa Gerezani. Akaligeuza geuza. “Kaka, hili ni jiko la aina gani?” Alilikata kwa msumeno wa chuma nusu saa, tundu la pikapu akalitoboa kwa drili mwanzo na mwisho kisha akaliunganisha kwa tupa. Ukikata mwenyewe, piga tupa kingo zote za nje mpaka ziwe butu, mkono wako wa kulia utakaa hapo usiku kucha. Alumini haikubali lehemu ya kawaida, usihangaike nayo: poti ikibanwa na nati yake juu ya sahani, sahani yote imeshaungana na ardhi, na inasaidia kuzuia kelele za taa. Hakikisha tu hakuna waya wa moto ulioachwa uchi ukaigusa, maana gitaa litanyamaza kimya.

Daraja tulifunge. Toa mkono wa kutikisia. Nyuma ya gitaa, kaza skrubu mbili zinazovuta springi mpaka daraja lilale kabisa juu ya mwili, kisha chonga kipande cha mninga kiingie kwa kubana kati ya kile kipande kizito cha chuma cha daraja na ukuta wa upande wa mwisho wa gitaa. Kiingie kwa kugongwa kidogo na kiganja, siyo nyundo.

Sasa ule uzi wa ziada. Kwenye mi-solo ya Kikongo uzi wa nne, D, hutolewa, na mahali pake huwekwa uzi mwembamba unaotyuniwa D ileile lakini oktavu moja juu. Uzi wa kwanza wa namba 010 unatosha, maana D hiyo iko hatua moja tu chini ya E ambayo uzi huo umezoea. Tatizo ni kwamba mfereji wa juu shingoni ulichongwa kwa uzi mnene, mwembamba unacheza humo na kulia zii. Jaza mfereji kwa bekingi soda, dondoshea tone la supagluu, papo hapo inakuwa jiwe. Kisha uchonge mfereji mpya kwa tupa nyembamba, kidogokidogo, huku ukijaribu. Usiinamie wakati wa kudondoshea, moshi wake unachoma macho.

Mwishoni panga viti vya nyuzi pale darajani. Piga sauti ya kengele juu ya freti ya 12 (gusa uzi kidogo tu bila kuubonyeza), kisha bonyeza freti hiyohiyo upige. Iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, rudisha kiti nyuma kuelekea mkiani. Ikiwa chini, kisogeze kuelekea shingoni. Kiti cha ule uzi wa nne mpya kitakwenda mbele sana kuliko kilivyokuwa, usishtuke. Programu ya kutyuni ya simuni inatosha kabisa, ila zima feni.

Mgongo wa shingo niliupitishia msasa namba 400 halafu 600 mpaka ule mng'aro unaonata kwa jasho la Dar ukatoka. Mwili sikuuchubua rangi. Nilijaribu kona moja, nikaona rangi yenyewe ni nene kama ganda la yai, nikaacha. Kona hiyo bado inaonekana.

Pikapu mbili zilizobaki ziko kwenye kopo la Blue Band pamoja na swichi. Nobu moja ya toni iko kwenye redio ya mama, inapozungushwa kutafuta taarifa ya habari ya saa mbili.