Somo: Kuinua mchoro bapa uwe umbo mango (lenye unene na ujazo) ndani ya AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta

Wakuu, wengi mnalalamika kuwa mchoro ukiinuliwa unatoka kama boksi lisilo na mfuniko. Karibu kila mara kosa liko kwenye mchoro wenyewe, wala si kwenye amri ya kuinua. Ndiyo maana hatua ya pili nitaikalia zaidi.

Mfano wetu ni bamba la milimita 80 kwa 50, unene 6, lenye matundu mawili ya kipenyo cha 10.

1. Andika UNITS, chagua milimita. Zima leya (tabaka za mchoro) za vipimo na maandishi.

2. Funga mzingo, yaani mstari wa nje wa umbo. Mistari minne inayoonekana kugusana bado ni mistari minne. Andika PEDIT, kisha M, chagua mistari yote, Enter, kubali igeuzwe polilaini (mistari iliyoungana kuwa kitu kimoja), andika J ya kuunganisha, na mwanya wa kuvumilia uwe 0.1. Sasa gusa upande mmoja. Mzingo mzima ukiwaka kwa pamoja, mistari imeungana. Zikiwaka pande tatu tu, vuta karibu ukague kona moja moja. Niliwahi kupokea mchoro ambao ukiutazama kutoka juu kona zote zimegusana, kumbe mstari mmoja umeelea juu ya wenzake kwenye mhimili wa Z, yaani wa kimo. FLATTEN, amri ya kulaza mistari yote kwenye kimo kimoja, ndiyo iliyouokoa.

3. Shika Shift, bonyeza gurudumu la kipanya na uzungushe hadi uone mchoro kwa ubavu.

4. Andika EXTRUDE, ndiyo amri ya kuinua, chagua mzingo pamoja na duara mbili, Enter, andika 6. Hapo una bamba na silinda mbili. Matundu hayajatoboka bado.

5. Andika SUBTRACT, amri ya kutoa umbo moja ndani ya jingine. Chagua bamba kwanza, Enter, ndipo silinda, Enter. Mpangilio huu usiugeuze, utapoteza bamba.

6. Pima kwa MASSPROP. Ujazo uwe takriban milimita za ujazo 23,057.5. Ukisoma 24,000 kamili, rudi hatua ya 5. Mimi sitoi kazi kabla ya kipimo hiki, kwa sababu macho hudanganywa na rangi za skrini.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kwangu zimetoka kuta tupu, juu na chini wazi.
Mzingo wako haujafungwa. Uchague, andika LIST, usome kama polilaini imefungwa. Rekebisha, kisha uinue upya.

Je, chupa nayo naiinua hivihivi?
Hapana, chupa huzungushwa. Chora nusu ya mkato wake, uifunge, kisha REVOLVE kwa nyuzi 360 kuzunguka mstari wa katikati. Nusu hiyo isivuke mstari huo, amri itakataa.

Mchoro wangu ni picha iliyoskaniwa, nifanyeje?
Picha haiinuki, ndugu yangu. Iingize, kisha SCALE (amri ya kubadili ukubwa) na R ya kipimo cha rejea: gusa ncha mbili za kipimo unachokijua, andika urefu wake halisi. Baada ya hapo chora juu yake kwa polilaini, na mahali picha inapotofautiana na namba zilizoandikwa, fuata namba.