Somo: Kuchagua printa ya Wi-Fi kwa nyumba isiyochapa kila siku

Somo hili linawahusu watu ambao printa yao itakaa kimya siku nyingi kuliko siku itakazofanya kazi: mzazi mwenye mazoezi ya watoto, mwombaji wa kazi, mwenye nyumba anayechapa mkataba wa mpangaji mara moja moja. Mtu wa aina hiyo akiingia dukani huonyeshwa kwanza printa ya bei ya chini kabisa, kisha ile inayosifiwa kwa wino wake mwingi, na ni nadra sana kuulizwa printa hiyo itakaa muda gani bila kuguswa, ingawa jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama itakuwa nzima mwakani.

Hatua ya kwanza: Hesabu kurasa zako

Kumbuka kurasa ulizochapisha katika miezi mitatu iliyopita, na ngapi kati yake zilihitaji rangi kweli. Ikiwa ni chache mno na duka la steshenari liko ng'ambo ya barabara, kwa hesabu ya fedha tupu duka litakuwa nafuu kuliko printa yoyote, na sioni aibu kulisema hilo ndani ya somo la kununua printa. Sababu za kununua huwa nyingine. Mwalimu hutuma kazi ya mtoto saa mbili usiku, maduka yamefungwa, nayo inatakiwa asubuhi. Tena kuna suala la faragha: faili unayomtumia mhudumu kwa WhatsApp, iwe nakala ya kitambulisho, hati ya kiwanja au majibu ya hospitali, hubaki kwenye kompyuta ile pamoja na faili za wateja waliokutangulia, na mara nyingi ukisimama kaunta unayasoma majina yao kwenye skrini bila hata kukusudia.

Hatua ya pili: Amua kati ya wino na tona

Hapa ndipo penye uzito wa somo zima. Printa ya wino hurusha matone madogo mno ya maji yenye rangi kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hayo hukauka. Printa ikikaa wiki kadhaa bila kazi, wino ulio mdomoni mwa vitundu huganda, na ukurasa wa kwanza hutoka na mistari mieupe au bila rangi moja kabisa. Ili kujikinga, printa hujisafisha yenyewe inapowashwa, na kujisafisha kwenyewe ni kumwaga wino kwenye sifongo iliyo chini ya mashine, wala hakuna karatasi utakayoiona. Ndiyo maana mtu anayechapa mara chache hulalamika kwamba wino umekwisha ilhali hakuchapa kitu. Kwa kweli umetumika, ila umetumika kufua mashine.

Tona, inayotumiwa na printa za leza, ni unga mkavu. Hushikwa kwenye drumu (silinda inayozunguka) kwa chaji ya umeme, huhamishiwa kwenye karatasi, kisha huyeyushwa na rola yenye moto mkali ili ugande hapo. Kwa kuwa hakuna kimiminika, printa ya leza inaweza kukaa tangu shule zifungwe hadi zifunguliwe, na siku ukiiwasha ukurasa wa kwanza ukatoka safi. Kwa nyumba inayochapa maandishi, ushauri wangu ni mmoja: nunua leza ya rangi nyeusi pekee. Leza za rangi zipo, lakini ni kubwa, ni ghali, na zinahitaji tona nne.

Printa za matangi, yaani za wino unaomiminwa kutoka kwenye chupa, kama Epson L3250 au zile za Canon za mfululizo wa G, zinapendwa sana kwetu, na kwa sababu nzuri, kwani chupa zake hutoa kurasa kwa gharama ndogo mno. Lakini tuitazame hesabu. Chupa ya wino mweusi ya L3250, kwa makadirio ya mtengenezaji, hutoa kurasa 4,500. Familia inayochapa kwa wastani kurasa 10 kwa wiki hufikisha kurasa 520 kwa mwaka, hivyo chupa hiyo moja ingeihudumia zaidi ya miaka minane. Huo ni uwezo ulioulipia na hutautumia, huku kichwa cha kuchapia, ambacho katika mashine hizi hakibadilishwi pamoja na wino, kikiendelea kuhitaji kazi ili kisizibe. Tangi linamfaa mwenye kituo cha masomo ya ziada au biashara ndogo, mtu anayechapa kila siku au walau kila wiki bila kukosa. Kwa kulinganisha, tona ya kawaida ya HP Laser 107w hutoa takribani kurasa 1,000, yaani karibu miaka miwili kwa familia ile ile, bila kudai uiamshe kila Jumamosi.

Hatua ya tatu: Soma herufi za mwisho za jina

Maboksi mawili yanaweza kufanana picha, rangi na hata namba, yakatofautiana kwa herufi moja. HP Laser 107a hutumia kebo ya USB peke yake. 107w ina Wi-Fi. Vivyo hivyo Canon LBP6030 na LBP6030w. Kwa jumla, w humaanisha mtandao usio na waya, n humaanisha tundu la kebo ya mtandao, na d humaanisha mashine inageuza karatasi yenyewe na kuchapa pande mbili. Usitosheke na muuzaji kukuambia kwamba zote ni sawa. Geuza boksi usome ubavuni.

Kwa HP kuna herufi nyingine ya kuangaliwa, nayo ni e mwishoni, mfano M110we. Mashine za namna hiyo zimeuzwa kwa masharti ya mpango wa HP+: hutaka akaunti, hutaka intaneti muda wote, na hukubali tona halisi ya HP pekee. Nyumba inayotegemea bando la simu itateseka nayo.

Hatua ya nne: Ulizia tona kabla ya kuulizia printa

Nenda kwenye maduka mawili matatu ya mji wako, si lazima Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi tu, ukaulize kama tona ya modeli ile ipo na ni kiasi gani. Ikiwa hakuna hata duka moja lililo nayo, iache printa hiyo hata kama inauzwa kwa bei ya kutupa. Kumbuka pia kwamba tona inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ni ya kuanzia tu. Ile ya 107w, kwa mfano, hutoa takribani kurasa 500, nusu ya ile ya dukani. Makadirio haya yote huhesabiwa kwa ukurasa wenye maandishi ya wastani. Ukichapa picha na majedwali yaliyojaa weusi, yatashuka.

Hatua ya tano: Linganisha printa na mtandao wako

Printa nyingi za bei nafuu huona masafa ya 2.4 GHz pekee, ilhali ruta nyingi za sasa hurusha 2.4 na 5 kwa pamoja. Ikiwa printa haioni jina la mtandao wako wakati wa kuiunga, ingia kwenye mipangilio ya ruta uhakikishe 2.4 imewashwa. Simu na printa ziwe kwenye mtandao mmoja, na usiiunge printa kwenye mtandao wa wageni, kwa sababu mtandao huo kwa kawaida huzuia vifaa visionane.

Kwenye boksi tafuta alama ya AirPrint ikiwa nyumbani mna iPhone au iPad, na Mopria ikiwa mnatumia Android. Alama hizo humaanisha kwamba simu itachapa bila kulazimika kusakinisha programu ya kampuni. Wi-Fi Direct nayo ni muhimu, na faida yake itaonekana kwenye maswali hapo chini.

Hatua ya sita: Mahali, umeme na karatasi

Leza inapopasha rola yake huvuta mamia ya wati kwa ghafla, kwa hiyo usiichomeke kwenye UPS (betri ya akiba) ya kompyuta. Iweke mbali na dirisha la vumbi. Kwa wakazi wa Pwani, karatasi hunyonya unyevu wa hewa, ikapinda na kukwama. Funga rimu iliyofunguliwa ndani ya mfuko wa plastiki, na usiache karatasi zikikaa kwenye trei wiki nzima. Karatasi ya gramu 80 inatosha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Tayari ninayo printa ya wino ya katriji (vikasha vya wino) mbili na sasa inatoa mistari mieupe. Niitupe?

Jibu: Marahaba. Usiitupe bado. Chapa kwanza ukurasa wa majaribio ya vitundu, kisha agiza usafishaji mara moja, ukague tena. Ikibidi rudia mara ya pili, halafu iache ipumzike hadi kesho yake, kwa sababu kusafisha mfululizo humaliza wino bila faida. Printa nyingi za katriji mbili hubeba kichwa cha kuchapia kwenye katriji yenyewe, hivyo katriji mpya huleta na kichwa kipya. Baada ya hapo chapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, na uizime kwa kitufe chake, si kwa swichi ya ukutani. Ikizimwa kwa kitufe hurudisha kichwa mahali pake na kukifunika.

Mwanachama wa Mombasa: Ndugu yangu yuko Marekani na anataka kuniletea printa. Je, nikubali?

Jibu: Mwombe akutumie picha ya kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme. Leza za soko la Marekani kwa kawaida hutengenezwa kwa volti 120, na ukiichomeka kwenye 240 ya Kenya itaungua. Transfoma ya kubeba mvuto wake ni nzito na inaweza kugharimu fedha ambayo ingesaidia kununua printa hapa hapa. Printa nyingi za wino hukubali volti zote, lakini HP hugawa katriji zake kwa kanda: katriji namba 67 ni ya Amerika ya Kaskazini, na ile ya Ulaya ya mashine za aina hiyo ni 305, nazo hazibadilishani. Mwambie ndugu yako akutumie fedha, kwa heshima zote.

Mwanachama wa Dodoma: Nyumbani hatuna ruta, tunatumia bando la simu. Printa ya Wi-Fi itanifaa nini?

Jibu: Itakufaa. Wi-Fi ya printa ni njia ya kupitishia faili kutoka kwenye simu hadi kwenye mashine, si intaneti. Ukiwa na Wi-Fi Direct, printa hurusha mtandao wake wenyewe, simu yako hujiunga nao, unachapa, na bando halipungui hata kidogo. Pakua faili kwanza, kisha ndipo ujiunge na printa, kwa kuwa wakati huo baadhi ya simu hupoteza intaneti.

Mwanachama wa Kampala: Fundi ameniambia atajaza unga kwenye tona ya zamani kwa bei ndogo. Je, ni salama?

Jibu: Inawezekana, lakini uliza mambo mawili: kama tona hiyo ina chipu inayopaswa kubadilishwa, na kama unga ni wa modeli hiyo. Unga usiolingana huacha vumbi jeusi pembezoni mwa ukurasa au hufutika kwa kidole. Ukimwagika, usiufute kwa maji ya moto, maana utashika. Tumia kitambaa chenye maji baridi.

Mwanachama wa Morogoro: Printa yangu ilifanya kazi vizuri wiki mbili, sasa kompyuta inasema haipo hewani ingawa taa ya Wi-Fi inawaka.

Jibu: Huenda ruta ilizimika, labda kwa sababu ya umeme kukatika, na ilipowaka tena ikaipa printa anwani nyingine, ilhali kompyuta bado inaitafuta kwenye ile ya zamani. Chapa ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, usome anwani ya IP ya sasa, kisha uiondoe printa kwenye kompyuta na kuiongeza upya. Ili tatizo lisirudi, ingia kwenye ruta uifungie printa anwani hiyo. Sehemu hiyo kwa kawaida iko kwenye mipangilio ya DHCP, yaani ya ugawaji wa anwani.

Mwanachama wa Unguja: Vipi kuhusu picha za pasipoti?

Jibu: Nenda studio.