Laktati kwa mgonjwa mahututi mwenye sepsisi: kuichukua, kuirudia, kuisoma

Laktati ni zao la kuvunjwa kwa glukosi, na hupanda katika damu tishu zikikosa oksijeni, kama inavyotokea katika sepsisi, yaani maambukizi yanayofanya mwili udhuru viungo vyake wenyewe. Ikipimwa mara moja inaonyesha hali ya saa ile tu. Ikirudiwa, ndipo inapoanza kutabiri mgonjwa anaelekea wapi. Bahati mbaya, kipimo huharibika mara nyingi pale kitandani, kabla damu haijafika kwenye mashine.

Damu ya ateri ndiyo bora. Ya vena inatosha kuanzia: ikisoma chini ya milimoli 2 kwa lita, endelea, ikizidi, hakikisha kwa ateri. Mgonjwa asikunje ngumi, na kamba ya mkononi isikae muda mrefu. Usichukue kwenye mkono unaopokea dripu ya Ringer laktati, maana utapima dripu badala ya mgonjwa.

Ndani ya sindano, chembe nyekundu zinaendelea kuvunja glukosi na kuzalisha laktati, hivyo namba hupanda yenyewe. Pima ndani ya dakika 15. Maabara ikiwa mbali, tumia tyubu ya kifuniko cha kijivu, yenye floridi inayozuia uvunjaji huo, uigeuzegeuze taratibu na kuiweka kwenye barafu.

Ikiwa ya kwanza ilizidi 2, rudia baada ya saa 2 hadi 4, kwa aina ileile ya damu na mashine ileile. Toa ya pili kwenye ya kwanza, gawa kwa ya kwanza, zidisha kwa 100. Kutoka 6 hadi 4.2 ni mshuko wa asilimia 30: dalili njema. Mashine ikitoa miligramu kwa desilita, gawa kwa 9 kwanza.

Mgonjwa aliyekwisha kupewa maji ya kutosha, lakini bado anahitaji dawa za kupandisha presha ili wastani wa presha ufike 65 mmHg na laktati yake iko juu ya 2, ana shoki ya sepsisi kwa ufafanuzi wa kimataifa wa 2016 (Sepsis-3). Vifo vya hospitalini katika kundi hili huzidi asilimia 40.

Namba ikigoma kushuka, usikimbilie chupa nyingine ya maji. Je, yuko kwenye adrenalini? Amepata degedege? Ini limefeli? Anatumia metformini (dawa ya kisukari), au ana upungufu wa thiamini (vitamini B1)? Yote haya hupandisha laktati hata pale mzunguko wa damu ulipo mzuri. Bonyeza ncha ya kidole kwa sekunde 10, kisha achia: rangi ikirudi ndani ya sekunde 3, maji zaidi huenda yakamdhuru tu.

Kuna vipimo vingine vya damu vya kufuatilia maambukizi. CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, hupanda polepole na haisaidii sana siku ya kwanza. Prokalsitonini, inayopanda hasa kwa maambukizi ya bakteria, ina manufaa zaidi kuanzia siku ya nne: isiposhuka kwa asilimia 80 kutoka kiwango cha mwanzo, hatari ya kifo ni kubwa zaidi, na chanzo cha maambukizi kitafutwe upya: jipu, katheta, dawa isiyolingana na kijidudu. Figo zikifeli, prokalsitonini hushuka taratibu hata kwa anayepona.