Namna ya Kuyazoea Maoni Mapya ya Pambizoni katika Word

Walimu wanaosimamia tasnifu, makatibu muhtasi na wahariri wa hapa Tabora wanaotumia Word ya usajili wa Microsoft 365 wamekuwa wakilalamika kwamba maoni ya pambizoni hayatii tena mazoea yao, na malalamiko hayo yana msingi. Mabadiliko yalianza kuwafikia watumiaji mwaka 2021. Zamani ulibofya, ukaandika, kisha ukarudi kwenye matini na maoni yakabaki pale pale. Sasa kila oni limefanywa kuwa ujumbe ambao ni lazima utumwe, unaoweza kujibiwa, na unaoweza kufungwa mjadala wake ukishakwisha. Ukilikubali jambo hilo moja, mengi yanayoudhi yataeleweka, hata kama hayatapendeza.

Anza na kutuma. Chagua maneno unayotaka kuyatolea maoni, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na M, kisha andika. Ukimaliza, usikimbilie aya inayofuata, bali bonyeza Ctrl na Enter, au bofya kitufe cha kutuma kilicho chini ya kisanduku. Usipofanya hivyo, ulichoandika kinabaki rasimu yako tu, na mwanafunzi anayesubiri masahihisho hatakiona. Kwa msimamizi anayeacha maoni mengi katika sura moja, kubofya huko kwa ziada ni usumbufu wa kweli, ndiyo maana nasisitiza njia ya kibodi: vidole vikishazoea, mkono hauhitaji kwenda kwenye kipanya. Ukitaka kurekebisha oni ambalo limekwisha kutumwa, libofye kwanza, kisha bofya alama ya penseli.

Maoni ya mtu mwingine huwezi kuyarekebisha. Unaweza kuyajibu. Katibu aliyezoea kunyoosha lugha ya maoni ya mkuu wake kabla ya waraka kwenda idarani atalazimika kubadili utaratibu. Kwa kuwa programu humtambua mwandishi kwa akaunti iliyofunguliwa, ofisi ambayo watu kadhaa hutumia kompyuta moja inafaa ihakikishe kila mmoja ameingia kwa akaunti yake kabla hajaanza kuandika.

Lalamiko la pili ni kwamba maoni "yamepotea". Mara nyingi yamejikunja tu kuwa vialama vidogo pembeni, hasa dirisha likiwa jembamba au skrini ya kompyuta ikiwa ndogo. Fungua kichupo cha "Review", bofya kishale cha "Show Comments", kisha chagua "List". Kidirisha kitafunguka upande wa kulia na kuorodhesha maoni yote kwa mpangilio wa waraka. Kwa maoni yangu, anayesahihisha kazi ndefu aanze na mwonekano huu, kwa sababu ule wa kawaida, unaopanga maoni kando ya mistari yake, humfaa zaidi anayesoma kurasa chache.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mwanafunzi anayefanyia kazi oni hubofya "Resolve thread", oni likaondoka pambizoni, naye akaamini kwamba limefutwa. Halijafutwa. Limefungwa tu, na bado limo ndani ya faili, ambapo yeyote atakayefungua kile kidirisha cha orodha atalisoma, pamoja na majibizano yote yaliyofuata. Fikiria pendekezo la utafiti kuhusu ufugaji nyuki wa Sikonge likifika kwa mtahini wa nje huku ndani yake kukiwa na sentensi ya msimamizi inayosema, "Takwimu hizi umezitoa wapi?" Kwa hiyo, kazi ikikamilika, hifadhi kwanza nakala yenye maoni kwa ajili ya kumbukumbu, kisha katika nakala ya kuwasilisha nenda "Review", bofya kishale kilicho chini ya "Delete", na uchague "Delete All Comments in Document". Kwa upande mwingine, ikiwa oni lilifungwa kabla ya wakati wake, lifungue upya kutoka kwenye orodha hiyo hiyo.

Wengine huuliza kama inawezekana kurudisha utaratibu wa zamani. Kwa muda kulikuwa na chaguo la kuuzima mpya katika mipangilio ya programu, lakini lilikuwa la mpito na baadaye likaondolewa. Word 2016 na Word 2019 zimebaki na maoni ya mtindo wa kale, na mafaili husomeka pande zote mbili, kwa hiyo msimamizi aliye Kigoma mwenye toleo la zamani na mwanafunzi aliye Tabora mwenye toleo jipya wanaweza kuendelea kubadilishana kazi. Asiyetaka kulipia usajili anaweza kujaribu LibreOffice Writer, ambayo haina malipo: huko oni huongezwa kwa Ctrl, Alt na C, na halihitaji kutumwa.

Kabla ya kuchapisha steshenari, ambako kila karatasi inalipiwa, fungua sehemu ya kuchapisha, bofya orodha ya kwanza chini ya "Settings" na uondoe tiki kwenye "Print Markup", la sivyo maoni yatatoka pamoja na matini, nayo matini itapunguzwa ukubwa ili kuyapisha.